Mzee Punje Anayaaga Matangi

Tarehe 30 Juni, fundi wetu mkuu wa kusafisha maji anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Jina lake halisi limo kwenye kadi za mwaliko, ila ukimwita kwa hilo hageuki. Kwetu ni Mzee Punje, na jina hilo hakulipata bure.

Kazi yake ilikuwa kulea resini, zile punje ndogo za rangi ya asali zilizojaa ndani ya matangi yetu. Maji ya kisima yakipita humo, punje hunasa naitreti, kemikali ya mbolea inayopenya ardhini hadi kisimani. Zikichoka, huoshwa kwa maji ya chumvi zikaanza upya. Mzee alizibembeleza na kuzigombeza kutwa nzima, hadi mkewe akalalamika kwamba nyumbani hapati hata nusu ya maneno hayo.

Basi, mwaka wake wa tatu kazini, bwana huyu aligeuza maji yapande juu tangini ili kuzisuuza punje, akafungua koki hadi mwisho, kisha akaenda kubishana habari za mpira na mlinzi. Lo! Aliporudi, resini yote ilikuwa imemwagika uani. Meneja alikuja mbio kufoka, akateleza, akamalizia kufoka akiwa amekaa chini.

Meneja, mkono kiunoni, alipendekeza maji yaende mjini hivyo hivyo. Naitreti haina rangi, harufu wala ladha, nani angejua? Mzee alikataa katakata. Alisema watoto wachanga wanaokorogewa maziwa kwa maji hayo ndio wangejua, maana wangekosa pumzi. Akafunga koki kuu, akasimama getini kuwaambia watu kwamba kosa ni lake. Alitukanwa, jamani! Mama mkwe wake alikuja na ndoo tupu, akauliza mbele ya kadamnasi kama kweli huyu ndiye aliyempa binti yake.

Sisi wenzake tulileta machujio ya chai, vyandarua, hata shela ya mke wa mhasibu, tukachekecha tope lote mpaka punje zikarudi tangini. Vipimo vilipotoka safi, bilauri ya kwanza alikunywa mwenyewe, ya pili akampelekea mama mkwe. Aliimaliza yote, ndipo akasema imezidi chumvi.

Wachanga wa mwaka ule leo wana ndevu. Watatu wameajiriwa hapa hapa, na ndio mabingwa wa kumtania.

Ahsante, mzee wetu. Kapumzike kwa afya na amani, na hao vijana waache wacheke: pumzi wanayokuchekea nayo uliilinda wewe.