Mama Njia Moja na Kipokezi Kilichosikia Nyuma ya Mlima

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara yetu ya redio, mhandisi wetu mwandamizi wa saketi za upokezi anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Kwenye nyaraka za ofisi ana jina lake kamili. Humu ndani, kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi, tunamwita Mama Njia Moja. Wageni hudhani ni mtu mkali wa barabarani, kumbe hata leseni ya gari hana.

Aliajiriwa akiwa ndiyo kwanza ametoka chuoni, mwanamke pekee katika chumba cha usanifu, akapewa meza iliyo chini ya feni mbovu. Wiki ya kwanza aliitengeneza feni. Wiki ya pili alianza kuuliza maswali, na hajaacha mpaka leo.

Swali lililompa jina lilitoka kwa wifi yake, muuguzi wa gari la wagonjwa. Enzi hizo gari moja lilibeba redio tatu: ya hospitali, ya zimamoto na ya polisi, kwa kuwa kila idara ilikuwa na masafa yake. Siku ya ajali moja kubwa, wifi alikuwa anajibu hospitali huku zimamoto wakimwita bure kwenye redio nyingine. Gari likaenda upande usio na majeruhi. Wote walipona, ashukuriwe Mungu, lakini jioni ile wifi alifika nyumbani kwa kaka yake, yaani mume wa Mama, amefura kwa hasira.

"Nimshike mgonjwa au nishike maredio?" alimuuliza Mama. "Nyie wahandisi, mimi nina masikio mawili tu!"

Mama hakuyalalia maneno hayo. Redio moja ya masafa yote ilikuwepo tayari, ila kila masafa yalihitaji chujio lake la kuzuia mawimbi yasiyotakiwa, na kikuza chake cha kuyapa nguvu yanayotakiwa. Matokeo yake ni sanduku zito kama tofali, linalomaliza betri kabla ya zamu kwisha. Yeye akapendekeza njia moja tu: chujio moja na kikuza kimoja, vitumiwe na masafa yote kwa kupokezana. Swichi ndogo za ndani zingebadilisha chujio, redio ingezungukia masafa kwa kasi, na penye mtu anayeongea, ingesimama imsikilize.

"Mlango mmoja kwa wageni wote?" alisema mkuu wa usanifu wa wakati huo. "Watakanyagana."

Na kweli walikanyagana. Siku ya onyesho, mbele ya wakuu wa huduma za dharura, kipokezi kilipiga mluzi kama birika, kikatulia kidogo, kisha kikatutangazia mechi ya mpira kutoka kituo cha redio cha jirani. Wageni walicheka hadi machozi. Mama alicheka nao, akawashukuru kwa kuja, akaingia stoo na kufunga mlango. Mtunza stoo anasema alilia kidogo, akapiga chafya kwa vumbi, akatoka akiomba koili mpya ya waya.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Uongozi ulishatamka kwamba tukishindwa tena, kitengo kinafungwa na redio zinaagizwa nje. Mama akalivalia njuga. Mluzi, aligundua, ulitokana na nguvu iliyovuja kutoka mdomo wa kikuza na kurudi sikioni mwa kikuza hichohicho, akajenga ukuta mdogo wa bati katikati. Mpira ulimsumbua zaidi. Kituo cha jirani kilikilemea kikuza kabla chujio halijafanya kazi, na chujio lote likiwekwa mbele, sauti hafifu zilipotelea humohumo. Mwishowe akaligawa: sehemu nyepesi mbele ya kikuza, sehemu kali nyuma yake, na swichi zikizibadilisha zote mbili kwa pamoja. Leo wanafunzi wanaliona jambo la wazi. Sisi tulimwona akichora na kufuta, chai yake ikiota utando.

Jaribio la pili lilifanyika juu ya paa la hospitali, jirani kabisa na mnara wa matangazo, mahali ambapo redio nyingi huziba masikio. Vipokezi vya washindani wawili viliwekwa kando ya chake. Wifi alikuwa garini, nyuma ya mlima. Vya washindani vikaguruma tu. Chake kikanyamaza, mpaka mkuu wa usanifu akaanza kutazama viatu vyake. Ndipo ikaja sauti, hafifu lakini safi:

"Wifi, unanipata? Nina mgonjwa wa kuigiza hapa, na ameshaanza kuona njaa!"

Paa zima lililipuka kwa vigelegele. Wakafuata zimamoto, wakafuata polisi, kila mmoja kwenye masafa yake, na wote wakasikika. Mkuu wa usanifu akakinyakua kipokezi, akashuka nacho ngazi zote akimwambia kila aliyekutana naye, "Ni chetu hiki!"

"Jana kilikuwa changu," alisema Mama, akicheka.

Usanifu ule uko leo katika magari yote ya dharura tunayoyahudumia, na kipokezi kilichourithi kinashika masafa saba. Wahandisi aliowalea wanaongoza vitengo vyao. Wanamkumbuka kwa kibanio chake cha kushikia vipuri kilichoandikwa "Ukinichukua, nirudishe", na kwa kutomcheka mtu ambaye bodi yake ya saketi imetoa moshi.

Mwezi uliopita gari la wagonjwa lilipita mbele ya geti likilia king'ora. Vijana wote maabarani waliacha kazi wakamgeukia. Yeye hakuinua hata kichwa.

"Wanasikilizana hao," alisema. "Endeleeni na kazi."

Asante, Mama yetu, kwa akili yako, ukaidi wako na kicheko chako. Umeshinda mchana kweupe, nasi tulikuwepo tukaona. Nenda na afya tele, furaha ya watu wako, na siku ndefu zisizo na haraka.