Sori Isiyo na Mwenyewe

FUNDI: Haloo? Nani mwenzangu?

MSUSI: Nani! Namba ya dada yako umeshaifuta?

FUNDI: Aa, shikamoo dada. Niko juu ya ngazi nafunga taa, sikuangalia—

MSUSI: Marahaba, ya shingo upande. Shuka.

FUNDI: Mama amefika kwako salama?

MSUSI: Yuko hapa saluni tangu asubuhi, begi mapajani kama abiria. Anasema kwako harudi.

FUNDI: Lakini si nilimtumia meseji?

MSUSI: Nilimsomea, wateja wakasikia wote. "Sori kwa kilichotokea." Kilichotokea! Kwani ilinyesha mvua? Sufuria ya maharage ilijimwaga yenyewe?

FUNDI: Dada, hukuwepo. Meneja wangu yuko mezani na mkewe, Mama anaonja kwa mwiko, anaulamba, halafu anaurudisha—

MSUSI: Mwiko huo huo umekulisha mpaka ukaota ndevu. Leo ndo unautapikia?

FUNDI: Niliona haya, bana.

MSUSI: Haya! Ukabeba sufuria mbele ya wageni ukaimwaga jalalani, "kinyaa, kinyaa," mama wa watu amesimama hana pa kuweka mikono.

[mikwaruzo ya mtandao]

FUNDI: ...nimeshasema sori!

MSUSI: Usiniletee. Mama kaniuliza, "Hiyo sori ni pole au samahani?" Nikabaki na kitana mkononi. Mwizi anasema sori, na jirani wa aliyeibiwa naye anasema sori. Anayetaka kupita, sori. Asiyesikia, sori? Sasa yako ni ipi?

FUNDI: Kizungu ndo kilivyo, dada.

MSUSI: Kizungu hakijakukosea. Wewe ndiye uliyejibanza humo kama mende kabatini. Ptuu! Unanitia kichefuchefu.

FUNDI: Basi mpe simu, niyamalize.

MSUSI: Nimeweka spika. Yuko hapa hapa.

FUNDI: Mama? Shikamoo, Mama.

MAMA: Marahaba.

FUNDI: Mama, pole. Pole sana, yaishe—

MSUSI: Pole! Utadhani alikuwa anapita njia akakuta msiba!

MAMA: Muache, binti yangu. We mwanangu, nikuulize.

FUNDI: Niulize, Mama.

MAMA: Kabla hujamwaga, ulimgeukia meneja. Ulisema, "Sori, bosi, huyu mpishi wetu bado mgeni."

MSUSI: Mpishi? Mama, hilo mbona hukuniambia?

MAMA: Ningelisemaje mbele ya wateja wako?

FUNDI: Haloo? Mtandao huu... mnakatika—

MSUSI: Hatukatiki. Ukimwita mama yako mpishi mtandao unakubali, sivyo?

MAMA: Sori ile ya meneja, mwanangu. Ilikuwa pole au samahani?

FUNDI: Mama, ile ilikuwa tu—

MAMA: Ipi?

FUNDI: ...Samahani.

MAMA: Ahaa. Kumbe neno unalijua.

FUNDI: Mama, jioni nakuja kukuchukua, tutaongea vizu—

MSUSI: Salio langu hilo linaisha—

MAMA: Viatu vyangu vimebaki chini ya kitanda. Vilete, uviache hapa mlangoni. Usibishe hodi.

FUNDI: Mama, nisikilize, mimi— haloo? Dada? Haloo?