Taa Chini ya Kitambaa

Basi lilikuwa limeshapita Uriri likielekea Homa Bay wakati Maroa, aliyejifanya amelala, alipomsikia mama wa kiti cha mbele akimlilia jirani yake wa kiti, fundi wa kompyuta. Kompyuta ya parokia ilikuwa imekufa na majina ya waliobatizwa tangu mwaka wa tisini, na sasa wazazi waliuliza kama watoto wabatizwe upya. Diski zake tatu alikuwa amezibeba kikapuni.

"Lakini mama, hiyo ina diski tatu," fundi alisema. "Moja ikifa, mbili zinabeba kazi yake, na taa nyekundu inawaka ndio muibadilishe. Hamkuiona?"

"Tungeionaje, na tulikuwa tumeifunika na kitambaa cha kufuma, kama tivii ya watu wa heshima?"

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka ya mwaka jana."

Fundi alishika kichwa. "Basi moja ilikufa hamjui, ya pili ikaifuata. Kosa ni lenu."

"Kosa ni la taa! Nani huomba msaada bila kupiga nduru?"

Walibishana mpaka basi likasimama Homa Bay. "Haya, nionyeshe hizo diski," fundi akasema, huruma ikimwingia. Mama akafungua kikapu, Maroa akanyoosha shingo. Kila diski ilikuwa imevalishwa kitambaa chake kipya, chenye maua pembeni.