Madam Valentina, Mama wa Arkebakteria

Tarehe 30 Juni 2009 Madam Valentina anastaafu, baada ya miaka kumi na minane ya kufundisha bailojia hapa shuleni kwetu Nachingwea. Kabla ya hapo alikuwa Ruangwa, na wa Ruangwa mpaka leo wananung'unika kwamba tuliwaibia. Ni kweli, na hatukumrudisha.

Mimi mpishi niliishia darasa la nne, lakini dirisha la jikoni linatazama darasa lake, hivyo arkebakteria nawajua. Ni viumbe wa seli moja, hawana kiini, ukiwaona utadhani bakteria wa kawaida. Madam hakukubali. Ukuta wao, alisema, umejengwa vingine, na mafuta ya utando wao ni mengine, basi wapewe kundi lao. Akawapanga: wapenda chumvi kali, wapenda joto kali, na watengeneza gesi, ambao hewa tunayovuta sisi kwao ni sumu. Hao wa mwisho nusura wamponze.

Mwaka 1996 wanafunzi wake walijaza pipa mavi ya ng'ombe na maji, wakaliziba, wakaunga mpira hadi kwenye tyubu ya lori ili gesi ikusanyike humo. Wazazi wakaja juu. Mzee Bilali wa Mbekenyera alisimama kikaoni akauliza kama ada ya binti yake ni ya kusomea mavi. Ikaamuliwa: gesi isipowaka siku ya wazazi, pipa linamwagwa, masomo ya vitendo yanafutwa, watoto wakariri tu.

Sasa mkuu wa shule wa wakati ule, Mwalimu Kaimu, alikuwa hana subira. Kila asubuhi alifunua pipa kuchungulia, kama anayengoja togwa ichachuke. Madam akamweleza kwa adabu kwamba akifunua, hewa inaingia na wale wanakufa. Akajibu hajawahi kuona mdudu anayekufa kwa kuangaliwa. Madam alikunja kanga, akakaa juu ya mfuniko, na tangu hapo kila asubuhi akawa anasahihishia madaftari palepale. Mkuu alizunguka, akakohoa, akaondoka. Utamwambiaje mama wa watu ainuke?

Siku ya wazazi kiberiti kikawashwa, moto wa bluu ukatoka, chai ikachemka. Mzee Bilali alinusa kikombe, akanywa, akaomba kingine. Hakuna aliyetaja tena kufuta vitendo.

Asante, Madam. Tunakuombea afya, usingizi mzuri, na mikorosho yako ya Nandagala izae mpaka uchoke kuokota. Darasa usilihofie. Amelipokea Samia, binti wa Mzee Bilali, na juzi nimewaona wanafunzi wake wakipita na ndoo za mavi.