Kwato ya Mlangoni

Treni ilikuwa inakaribia Mpanda, na Mzee Yotham, mtunza kanisa la Anglikana la mjini, alikuwa bado anamsimulia Kabula, abiria mwenzake, historia ya jengo lake. "Wamisionari walijenga wenyewe, mama. Hata punda wao aliacha alama ya kwato kwenye tofali la mlangoni. Nyie Wasukuma mlikuja baadaye na ng'ombe wenu."

Kabula alimwacha amalize, kama anavyowaacha madalali wa mnada wa ng'ombe wamalize uongo wao.

"Hiyo kwato ni nzima, au imepasuka katikati?"

"Imepasuka. Naipangusa kila Jumamosi."

"Sasa baba, punda gani ana kwato iliyopasuka?"

Behewa zima likaangua kicheko. Miaka yote mzee na Biblia mkononi, ile inayotenga wanyama kwa kwato zilizopasuka, hakuwahi kujiuliza.

"Ni ng'ombe wa marehemu baba yangu, Luhende," Kabula alisema, kifua mbele. "Ndio waliokanyaga udongo wa matofali yale, kiangazi kizima. Mmoja akakanyaga tofali bichi, baba akasema liachwe hivyohivyo."

Treni ikasimama. Kabula akajitwisha mzigo wake.

"Jumamosi ipanguse vizuri, baba. Hiyo ni ya kwetu."