Fundi wa Magauni ya Vimada, Mke wa Muuza Mbao

Dada yetu, tuliyezoea kumwita Fundi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, nyumba ya tatu nyuma ya kiwanda cha sabuni. Mimi ndimi niliyemfuata. Yeye ndiye aliyenifundisha kutaja bei bila kupepesa macho.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1971, akaingia chuo cha ushonaji. Alirudishwa nyumbani mara mbili kwa ubishi. Kazi haikuwahi kumshinda.

Tarehe 6 Agosti 1983 aliolewa na shemeji yetu, muuza mbao. Shemeji ana mema mengi, ila wivu wake hauna kipimo. Nimemsomea haya kabla, amekubali.

Mwaka 1989 marehemu alishona magauni yote ya filamu ya mambo ya kale, ya vimada na matajiri waliowatunza. Gauni la mwigizaji mkuu alikuwa akijipimia mwenyewe, maana miili yao ililingana. Siku mwigizaji huyo alipougua, Fundi aliombwa akae kwenye kiti, mgongo kwa kamera, tajiri amfunge mkufu. Dakika moja tu. Kosa lake ni kutomwambia mumewe.

Filamu ilipoonyeshwa, shemeji alisimama katikati ya ukumbi.

"Hiyo shingo ni ya mke wangu!"

"Kaa chini, mzee! Sisi tunaona kisogo chako tu!" wa viti vya nyuma wakamjibu.

Shemeji akabeba godoro, akahamia kwa kaka yake. Wiki ya tatu mimi na Fundi tukamfuata.

"Shemeji, yule tajiri analipwa kuigiza," nikamwambia.

"Mbona alichelewa kufunga?"

"Kishikizo kilikuwa kigumu."

Fundi akaona tunapoteza muda. "Mkufu wa yule niliuvua jioni ileile. Pete yako hii hapa, miaka sita. Unarudi, hurudi?"

Akarudi, akibeba godoro mwenyewe.

Figo zilianza kumsumbua Fundi Septemba mwaka jana. Alilazwa mara tatu, na kila daktari alipomshika mkono kupima mapigo, shemeji alitazama saa. Alifariki tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano na wadogo zake watatu. Jana shemeji alinituma kwa msimamizi wa makaburi: asilazwe mwanamume mwingine ubavuni mwa mkewe. Tumepatana. Kushoto ni ukuta, kulia ni pa shemeji.

Alale kwa utulivu dada yetu. Mumewe atamfuata, ila tunamwomba dada asimharakishe.