Magoti Yanaomba Jumanne

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Diwani Essilfie. Katibu wa Kamati ya Uwanja. Mama zetu mliokuja na moshi wa samaki bado mabegani. Na ninyi wavulana mliokaa mbele kabisa, kama kawaida yenu:

KARIBU

Sisi wasichana wa kijarida cha *Magoti* tunafurahi kukuona hapa Takoradi. Mara ya mwisho tulikuona wakati wa kampeni, na tunashukuru kwamba hujabadilika, isipokuwa gari.

Tumeambiwa umekuja kufungua geti jipya la uwanja wa kuteleza kwa ubao wa magurudumu. Ni geti zuri. Limepakwa kijani, na ratiba imeandikwa juu yake kwa herufi kubwa kiasi kwamba hata asiyejua kusoma anaona amekatazwa kitu. Tutairudia ratiba hiyo. Aliyechaguliwa kusoma risala hii ana haya, na shule aliiachia darasa la tano. Sauti yake ikipotea, wenzake wataipokea.

HISTORIA

Uwanja huu wa simenti ulipokwisha kujengwa, Kamati ilitoa gazeti la rangi. Kila ukurasa ulikuwa na mvulana juu ya ubao wa magurudumu, yuko hewani. Msichana alikuwa mmoja, Baaba Arhin, amebeba sinia la maji. Chini yake waliandika: "Wasichana nao wanaupenda mchezo." Siku hiyo hiyo Baaba alikuwa ameruka ngazi zote na ubao wake, watu wakiona. Aliposhuka akapewa sinia.

Baaba akasema, "Sasa tuandike la kwetu. Na mbeba maji humo awe mvulana."

Karatasi hatukuwa nayo. Tukaenda kwa Egya Kwaw, mzee anayechapa matangazo ya misiba ya mji mzima. Kila wiki hubakiwa na rundo lililoharibika: jina limekosewa, au mjane wa pili amesahauliwa na familia imekataa kupokea. Upande wa nyuma ni mweupe.

"Chukueni, wanangu," alisema. "Marehemu hawautumii upande huo."

Tukaandika kwa mkono, tukachora, yeye akapitisha kwenye mashine, sisi tukakunja na kubana pini. Ndivyo *Magoti* kilivyozaliwa, mgongoni mwa wafu.

Toleo la kwanza tulitaka lionekane, tukalibandika ukutani mwa kanisa. Mwenzetu Mansa ndiye aliyekuwa na gundi, akapaka upande usiofaa. Maandishi yetu yakatazama ukuta, bibi marehemu wa tangazo la msiba akatazama barabara. Na pembeni mwake, kwa sababu tulikuwa na muhuri mpya na tuligonga kila mahali, ilisomeka: "Karibuni uwanja wa simenti, Jumamosi."

Jumamosi kina mama wakaja na nguo za msiba, nyeusi na nyekundu. Bibi mmoja akamshika Mansa mkono. "Binti yangu, marehemu yuko wapi?"

Mansa, kwa woga, akamwonyesha Baaba aliyekuwa akipanda mteremko. "Nana, bado anajifunza kuruka."

Bibi yule alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Tangu siku hiyo ndiye msomaji wetu wa kwanza kwa kila toleo, na huanza kwa kuligeuza aone nani amekufa.

MAFANIKIO

*Magoti* kimefundisha wasichana kuanguka kwa nyama, si kwa mfupa. Ukurasa unaopendwa zaidi ni ule wa "Tulivyoambiwa", ambao hauna gharama, maana watu wanatuandikia wenyewe kwa midomo yao. Tunasoma kidogo:

"We Ekua, ukivunja hiyo miguu nani atakuoa?"

"Maame, anayeoa miguu akaoe kuku."

Na hili kutoka kwa Katibu wetu hapa: "Nyinyi wasichana mnapenda sana kulalamika."

"Hapana, Katibu. Tunapenda kuteleza. Kulalamika umetuongezea wewe."

Wenzetu wa mji jirani wa Sekondi nao wameanza kijarida chao, nyuma ya kadi za harusi zilizovunjika. Tunawaonea wivu. Karatasi yao ni nene.

CHANGAMOTO

Geti linasema: "Wasichana: Jumapili, saa tatu hadi saa sita mchana." Mheshimiwa, hiyo ni saa ya ibada. Nusu yetu tuko kwenye kwaya, na Katibu hukaa benchi la mbele, kwa hiyo aliyetupa saa hiyo ndiye atakayehesabu nani hayupo.

Jumamosi ni ya wavulana. Sisi tuko misibani tunagawa maji. Siku nyingine tuko kwenye samaki. Siku yetu ni Jumanne, ambayo kwa mila mitumbwi haitoki. Bahari inapumzika, majiko yamezimwa, mikono yetu ni yetu.

Lakini njoo Jumanne, Mheshimiwa. Utakuta viti vya misiba. Kamati imemkodishia uwanja mwenye viti hivyo, avioshe baada ya mazishi ya Jumamosi na kuvianika kwenye mteremko wetu. Mwenye viti ni shemeji yako. Hatuna neno. Tumetaja undugu tu, kama ilivyo desturi ya kutambulishana.

Tulimuuliza mlinzi, "Kaka, hivi viti navyo vinajifunza kuteleza?"

Akasema, "Dada zangu, viti havibishani."

Tangu Kamati ianze ratiba hii, kabla hata ya geti, hakuna kati yetu aliyeruka wala kuanguka, na toleo lijalo halina cha kuandika. Magoti yetu yamepona yote. Hiyo ndiyo habari mbaya tuliyo nayo.

OMBI

Ni moja. Hatuombi kofia, wala fulana, wala kupiga picha na wewe. Tunaomba Jumanne. Viti vioshewe kwa mwenyewe.

Nakala ya risala hii unakabidhiwa sasa. Tafadhali igeuze. Karatasi ni ya Egya Kwaw. Alikuwa na rundo la mabango yako lililobaki tangu kampeni. Huyo ni wewe, unatabasamu, na chini ya kidevu chako imeandikwa: "Uwanja kwa vijana wote, siku zote." Hatukubadilisha hata herufi. Na Jumanne, Mheshimiwa, ni siku. Rangi ya geti haijakauka vizuri, na brashi tumekuja nayo.

Mungu akupe afya na miaka mingi, na akucheleweshe sana kurudi kwenye mashine ya Egya Kwaw kwa lile tangazo lingine.

Ni sisi,
Wasichana wa *Magoti*, Takoradi